Hii namba 720,720 ina nini jamani? Tumeigawa kila namna na haibaki hata shilingi

Mama_wa_Mwaloni

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie kitu kimoja cha hesabu maana kimetukaa kichwani kikundi kizima na hakuna mwenye jibu.

Mi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kina mama wa dagaa hapa Kirumba Mwaloni. Tunanunua dagaa wabichi, tunaanika, tunauza kwa sado na kwa magunia kwa wanaopeleka mikoani. Tuna kikoba chetu, kwenye hisa hamna tatizo kwa sababu kila mtu ana zake na mgao wake unajulikana. Shughuli iko kwenye hela ya faini na mfuko wa jamii, hiyo tukivunja kikoba tunagawana sawa kwa sawa, mwenye hisa moja anapata sawasawa na mwenye hisa nyingi. Sasa safari hii baada ya kutoa gharama zote na makato ya simu ikabaki 720,720 kamili.

Daftari lina majina 16. Ila wawili walihamia Ukerewe kabla mzunguko haujaisha, mmoja aliingia katikati na kuna mwingine aliacha kuja kwenye vikao, kwa hiyo ukazuka mjadala nani ahesabiwe na nani asihesabiwe. Mwenyekiti akasema we mweka hazina tupigie zote tuone. Nikapiga kwa 16 ikaja 45,045. Kwa 15 ikaja 48,048. Kwa 14 ni 51,480, kwa 13 ni 55,440, kwa 12 ni 60,060. Haikutoka nukta hata mara moja! Katibu akachukua simu akaendelea kushuka, 11, 10, 9, 8, 7, mpaka 1, zote zinakubali. Na mnajua wenyewe ukigawa hela kwa 7 au kwa 13 kalkuleta inakujazia tarakimu mpaka mwisho wa skrini, mi nafanya hii kazi ya daftari muda mrefu naijua 7 ilivyo na 13 ilivyo.

Basi wengine wakaanza kusema hiyo ni namba ya baraka tusiiguse, ikae kwenye akaunti ilete nyingine. Wengine wakasema ni bahati tu imetokea. Mi moyoni naona lazima kuna sababu, namba haiwezi kukubali watu 16 wote kwa bahati. Na kitu kingine nilichokiona, angalia 45,045 na 48,048 na 60,060, jibu linajirudia, halafu ukija kwenye 51,480 na 55,440 halijirudii. Kwa nini hizo mbili zimejitenga?

Mwenye kujua anieleze taratibu, niliishia darasa la saba lakini hesabu naipenda.

Sangara_Mkavu

Mama hiyo ni kwa sababu imejirudia tu, 720 na 720. Namba ikijirudia inagawanyika. Jaribu 555,555 uone, inakubali 7, inakubali 11, inakubali 13.

BintiBusisi

555,555 kwa watu wawili mbona haikubali? Nimejaribu sasa hivi inaleta nukta tano.

Mwl_Ilemela

Shikamoo mama yangu. Nafundisha hesabu sekondari huku Ilemela na nimefurahi sana kuona swali hili, tena umeliuliza vizuri kuliko linavyoulizwa darasani, maana umeona mpaka yale majibu mawili yaliyojitenga. Nitaandika kirefu kidogo mnisamehe.

Sangara_Mkavu kashika nusu ya jambo. Ukiandika tarakimu tatu halafu ukazirudia hizo hizo, hapo umezidisha kwa 1,001 bila kujua. 720 mara 1,000 ni 720,000, ongeza 720 moja, unapata 720,720. Sasa vunja hiyo 1,001 uone kilichomo ndani: 7 mara 11 ni 77, na 77 mara 13 ni 1,001. Yaani zile namba tatu zinazosumbua watu wa daftari, 7 na 11 na 13, zote zimo humo kwa pamoja. Ndiyo maana tarakimu tatu zozote ukizirudia lazima zikubali hizo tatu. Vijana wangu huwa nawaambia waandike tarakimu tatu wanazotaka wenyewe, tuseme 358, wazirudie iwe 358,358. Gawa kwa 7 unapata 51,194. Hiyo gawa kwa 11 unapata 4,654. Hiyo nayo gawa kwa 13, unarudi kwenye 358 uliyoanza nayo. Darasa zima linapiga kelele, mpaka waione 1,001 ndo wanatulia.

Lakini kujirudia peke yake hakutoshi, kama alivyosema BintiBusisi. Chukua jirani wa karibu kabisa, 719,719. Nayo imejirudia, nayo inakubali 7 na 11 na 13. Ila 719 ni namba tasa, haigawanyiki kwa kingine chochote zaidi ya 1 na yenyewe, kwa hiyo 719,719 ukiwapa watu wawili inabaki shilingi, watatu inabaki shilingi, wanne zinabaki tatu, watano zinabaki nne. Mngekuwa na hela hiyo mweka hazina ungeshinda unafuta daftari.

Utajiri wa namba yako uko kwenye 720 yenyewe. 720 ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6. Ukiivunja mpaka kwenye namba tasa unapata 2 nne, 3 mbili na 5 moja: 16 mara 9 mara 5 ni 720. Ukiunganisha na ile 1,001, namba yenu yote imejengwa hivi:

2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13

Sasa chukua idadi yoyote ya watu kuanzia 1 mpaka 16 uulize inahitaji nini. 12 inahitaji 2 mbili na 3 moja, zipo. 14 inahitaji 2 na 7, zipo. 15 inahitaji 3 na 5, zipo. 9 inahitaji 3 zote mbili, zipo. 16 inahitaji 2 zote nne, na zipo nne kamili, haizidi hata moja. Ndo maana hamkukosa popote.

Na kuna jambo zuri zaidi. Hakuna namba ndogo kuliko 720,720 inayoweza kazi hiyo, ukiacha sifuri. Ile KDS mliyosoma shule ya msingi, kigawe kidogo cha shirika, ndo hii hapa: KDS ya namba zote kuanzia 1 mpaka 16 ni 720,720. Punguza 2 moja unabaki na 360,360, ambayo inakubali 1 mpaka 15 zote halafu inamkataa wa 16. Punguza 3 moja unamkosa 9. Toa 13 unamkosa 13. Kila kilichomo kinahitajika na mtu fulani.

Sasa yale majibu yako. Ukigawa kwa 16, hiyo 16 yote inakula upande wa 720 tu. 720 kwa 16 ni 45, na 1,001 haijaguswa, kwa hiyo jibu ni 45 × 1,001 na ndo linaonekana 45,045. Kwa 15 ni 48 × 1,001. Kwa 12 ni 60 × 1,001. Ila 14 ndani yake ina 7, na 7 haipo kwenye 720, lazima ikaitafute kwenye 1,001, ikiichomoa pale inabaki 143. Kwa hiyo unapata 360 × 143 ambayo ni 51,480. Na 13 vilevile inavunja 1,001 inaacha 77, na 720 × 77 ni 55,440. Kwa hiyo ukiona jibu limejirudia ujue idadi ya watu ilitoshelezwa na 720 peke yake, ukiona halijirudii ujue 7 au 11 au 13 imeguswa. Jaribu kwa 11 utaona, 65,520, haijirudii. Kwa 9 ni 80,080.

Mama_wa_Mwaloni

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki sana. Nimesoma nikiwa na karatasi na kalamu pembeni, nimeivunja mwenyewe mpaka nikazipata zote kumi, 2 nne, 3 mbili na zile nyingine. Yaani hii ya 14 imenifurahisha mno, nimewapigia wenzangu simu nikawasomea. Kumbe namba ina vitu ndani!

Sasa swali, angeongezeka mtu wa 17 ingekuwaje?

Mwl_Ilemela

Wa 17 angekosa mama. 17 ni tasa na haimo kwenye ule mstari, kwa hiyo kila mmoja angepata 42,395 na zingebaki shilingi 5. Ili aingie inabidi uzidishe yote kwa 17, inakuwa 12,252,240. Angalia lakini, wa 18 hana shida kabisa hata kwenye 720,720, kwa sababu 18 ni 2 × 9 na vyote vimo, kila mmoja 40,040. Na 20 inakubali, 36,036. Na 21, na 22, na 24. Zinazokataa hapo katikati ni 17, 19, 23 ambazo ni tasa mpya, na 25 kwa sababu tuna 5 moja tu na yeye anataka mbili.

Na kingine kwa wanaopenda kufikiri. Ongeza shilingi moja tu iwe 720,721. Papo hapo kuanzia watu 2 mpaka 16 kila ukigawa inabaki shilingi moja, wote. Maana yake hakuna namba tasa yoyote chini ya 17 iliyomo ndani yake, lazima imejengwa na kubwa zaidi, na kweli ukiitafuta ni 71 × 10,151 basi, zote mbili tasa. Ina vigawo vinne tu. Shilingi moja tu imeitenga na jirani yake mwenye vigawo chungu nzima. Euclid, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alitumia wazo la namna hii kuonyesha kwamba namba tasa haziishi: zidisha zote unazozijua, ongeza moja, utakachopata lazima kiwe na tasa usiyokuwa nayo mkononi.

Kijana_Malimbe

Mwalimu umenena. Mi nasoma chuo huku Malimbe mambo ya kompyuta, hii mada imenifanya niache nilichokuwa nafanya nikaandika programu fupi ya kuhesabu vigawo vya kila namba kuanzia 1 mpaka milioni moja. Matokeo ni haya na nadhani mama atayapenda.

Kwanza 720,720 ina vigawo 240. Wala huhitaji kompyuta kujua hilo, unaangalia ule mstari wa mwalimu. Kila kigawo kinatengenezwa kwa kuchagua uchukue 2 ngapi, unaweza kuchukua sifuri, moja, mbili, tatu au nne, hizo ni njia 5. Za 3 ni njia 3. Halafu 5, 7, 11 na 13 kila moja unachukua au unaacha, njia 2 kila moja. Zidisha 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 unapata 240.

Pili, chini ya milioni moja hakuna namba hata moja yenye vigawo zaidi ya 240. Kuna nne nyingine zinazofikia hapo hapo, 831,600 na 942,480 na 982,800 na 997,920, lakini ya kwanza kufika ni 720,720. Kabla yake rekodi ilikuwa 665,280 yenye vigawo 224, na rekodi haivunjwi tena mpaka 1,081,080 yenye 256. Linganisheni na milioni yenyewe, watu tunaiona milioni ndo namba kamili ya heshima, lakini ina vigawo 49 tu kwa sababu imejengwa na 2 sita na 5 sita basi, haina hata 3 moja. Milioni huwezi kuwagawia watu watatu ikaisha. Na ile 719,719 ya mwalimu ina vigawo 16.

Namba zinazovunja rekodi ya vigawo namna hii zilichambuliwa sana na Ramanujan, yule Mhindi aliyekwenda Cambridge Uingereza, kazi yake ilitoka mwaka 1915. Moja ya mambo yaliyomo ambayo hata sisi tunaweza kuyahakiki wenyewe ni kwamba kwenye namba hizi idadi za tasa haziwezi kupanda kadiri tasa inavyokuwa kubwa. Angalia mstari wetu, 2 ziko nne, 3 ziko mbili, zinazofuata moja moja, haipandi hata mara moja na haijarukwa tasa yoyote katikati. Sababu yake nyepesi: tuseme mtu ana namba yenye 3 nne na 2 mbili, mwambie abadilishane, aweke 2 nne na 3 mbili. Vigawo vinabaki vilevile lakini namba imepungua, kwa hiyo ile ya kwanza haikuwa rekodi. Hivyo tu, inatosha, nilipoielewa hii nilikaa kimya kidogo.

Na mama ile 55,440 uliyoipata kwa watu 13 nayo ni mvunja rekodi! Ina vigawo 120, hakuna ndogo yake yenye vingi hivyo. Kwa hiyo mkiwa 13 kila mmoja anaondoka na hela ambayo yenyewe anaweza kuigawa nyumbani kwake kwa watoto 1 mpaka 12 bila kubakiza.

Mzee_wa_Bwiru

Vijana mmenikumbusha mbali. Plato yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale alipokuwa anafikiria mji uliopangwa vizuri uwe na kaya ngapi, akachagua 5,040. Alitoa sababu hii hii ya kikundi cha mama: kwamba 5,040 inagawanyika kwa zote 1 mpaka 10 na vigawo vingine vingi, kwa hiyo viongozi wakitaka kugawa watu kwa ajili ya vita, kodi, ardhi au mgao wowote, hawahangaiki. Na alijua kabisa kwamba 11 inakataa, akasema ukitoa kaya mbili tu nayo inakubali. Nimepiga sasa hivi, 5,038 ni 11 mara 458, kweli.

Sasa zidisheni 5,040 kwa 143. Inatoka 720,720 yenu. 143 ni 11 × 13. Namba ya kina mama wa Mwaloni ni ile ya Plato iliyoongezewa 11 na 13.

Mama_wa_Mwaloni

Mzee nimeizidisha kwa mkono nikaipata. Nimesisimkwa.

Mhasibu_Igoma

Mama mi nitarudi kwenye hela yenyewe maana watu wanasubiri mgao. Nimekuwa nikisaidia vikundi vya hapa Igoma na Buzuruga kufunga hesabu za mwisho wa mzunguko kwa hiyo naongea kwa uzoefu.

Namba kukubali watu 16 kwenye kalkuleta ni jambo moja, kulipika mkononi ni jambo lingine. 45,045 ukiwa unalipa taslimu hiyo 45 ya mwisho unaitoa wapi, sarafu ndogo inayopokelewa sokoni ni 50. Kwa simu unaweza kumtumia mtu 45,045 kamili, lakini kila muamala una makato na makato hayo mkubaliane yanatoka wapi kabla hujatuma. Mkilipa taslimu shusha mpaka hamsini ya karibu na kinachobaki kiandike kwenye daftari kama salio la kuanzia mzunguko mpya, mbele ya wote. Mkiwa 16 kila mmoja 45,000 linabaki salio la 720. Mkiwa 14 kila mmoja 51,450 na salio 420. Mkiwa 13 ni 55,400 na salio 520. Mkiwa 12 ni 60,050 na salio 120.

Na nani ahesabiwe, hilo someni katiba ya kikundi, namba imewakubali wote 16 na imewakubali 12 vilevile, haina upande. Nimeona kikundi kimoja kimevunjika kwa sababu walitafuta idadi ya watu inayoleta jibu zuri badala ya kuangalia nani ana haki. Msifanye hivyo.

Jambo la pili kwa ajili ya mbele. Kama wasiwasi wenu huwa ni watu 12 mpaka 16 hamhitaji 720,720, hiyo imebeba na mizigo ya 9 na 11 ambayo nyie haiwahusu. KDS ya 12, 13, 14, 15 na 16 ni 21,840. Ukitaka kila mgao uishie kwenye hamsini zidisha kwa 50, unapata 1,092,000. Iangalie inavyokaa: kwa 12 ni 91,000, kwa 13 ni 84,000, kwa 14 ni 78,000, kwa 15 ni 72,800, kwa 16 ni 68,250. Yote yanalipika kwa noti na sarafu zilizopo. Kama mfuko wa faini unakaribia hapo mnaweza kuamua mapema uishie hapo na ziada iende kwenye mfuko wa msiba au wa ugonjwa, halafu mjadala wa nani ahesabiwe uendelee bila mtu kuogopa chenji.

BintiBusisi

Samahani nauliza, nitajuaje kama hela fulani inakubali 7 au 11 au 13 bila kugawa mara tatu tatu? Kwa 3 na 9 najua unajumlisha tarakimu, kwa 5 unaangalia mwisho. Hizi tatu sikuwahi kufundishwa.

Mwl_Ilemela

Swali zuri binti, na jibu ni ile ile 1,001. Kata namba yako vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kama ambavyo tunaweka mkato kwenye hela. Chukua kipande cha mwisho, toa kinachofuata, jumlisha kinachofuata, toa, hivyo hivyo mpaka viishe. Utakachopata kikigawanyika kwa 7 basi namba nzima inagawanyika kwa 7, na vilevile kwa 11 na kwa 13. Inafanya kazi kwa sababu 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu, kwa hiyo kila ukihama kipande kimoja kwenda kushoto unabadilisha kujumlisha kuwa kutoa.

Jaribu kwenye 1,092,000 ya Mhasibu. Vipande ni 000, 092 na 1. Sifuri toa 92 jumlisha 1 ni hasi 91. Na 91 ni 7 × 13. Kwa hiyo hiyo hela inakubali 7, inakubali 13, na 11 inakataa, kama alivyosema kwamba 11 ameiacha nje. Halafu jaribu 720,720: 720 toa 720 ni sifuri, na sifuri inakubali zote tatu.

Mama_wa_Mwaloni

Narudi kuwapa mrejesho. Tumekaa kikao cha jana, katiba yetu inasema aliyehama kabla ya mzunguko kuisha analipwa hisa zake ila mfuko wa jamii hana, na aliyeingia katikati anahesabiwa, na yule asiyekuja vikaoni anahesabiwa maana faini zake ndo hizo hizo zimo humo. Kwa hiyo tumekuwa 14. Tumekubaliana kutuma kwa simu, makato kila mtu juu yake, 51,480 kila mmoja, na nimewaonyesha kwenye ubao kwa nini hiyo haijirudii. Wale wa baraka nao wamekubali tugawane.

Sasa mzunguko mpya tunategemea kuwa 16, au 17, au 18, inategemea kina mama wawili wa Igogo kama wataingia wote. Hiyo 17 imeshanitisha. Nifanyeje?

Mhasibu_Igoma

Usitishike. KDS ya 16, 17 na 18 ni 2,448, zidisha kwa 50 ni 122,400. Kigawe chochote cha hiyo kinawakubali wote watatu na kinalipika taslimu. Ukizidisha kwa 6 unapata 734,400, hiyo ni zaidi ya ya safari hii kwa 13,680 tu. Wakiwa 16 kila mmoja 45,900, wakiwa 17 kila mmoja 43,200, wakiwa 18 kila mmoja 40,800. Iandike kabisa kwenye jalada la daftari jipya.